Mlizi, Msikizi na Honi ya Rongo

Jumanne moja nilikuwa nimesimama Rongo, pale barabara ya Homa Bay inapojitenga na ile kuu itokayo Kisii kwenda Migori, nikingoja matatu ijae. Ambulensi ikaja kutoka upande wa Awendo, king'ora juu. Ilikuja ikilia kwa sauti ya kutoboa masikio, ikatupita, na ilipotupa kisogo sauti ile ile ikaporomoka kana kwamba imejikwaa. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amelalia tangi la pikipiki yake hata hakuinua kichwa. Alisema tu, "Imenenepa."

"Nini kimenenepa?" nikamwuliza.

"Sauti, mwalimu. Ikikuja ilikuwa nyembamba."

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na sijawahi kulikutanisha neno *kunenepa* na king'ora. Nilipanda matatu nikiwa nimeshindwa. Kutoka Rongo hadi Homa Bay nilikuwa nikiyapima maneno ya jambo lile moja: chombo kinacholia na sikio linalosikia, vyote viwili vikiwa safarini. Hesabu yake msomaji wangu anaijua, au ana mpwa anayeijua. Mzigo nilioubeba mimi ni wa majina.

Nianze na *nyembamba*. Lugha nyingine huipandisha sauti ngazi, zikasema iko juu au iko chini. Sisi tumejaribu kuiga na tumejikanganya, maana kwetu *sauti ya juu* ni kelele. Mwambie mtoto wa Migori ateremshe sauti, atanong'ona, hataimba besi. Wanaisimu waliona tatizo hilo wakatupa *kidatu*, jamaa ya kidato, yaani kipandio. Ni neno safi, ingawa limebaki darasani. Mtaani watu wana *nyembamba*, *nene* na *nzito*, na wameridhika.

Na hapa ndipo kijana wa Rongo alipompita mwalimu. Gari linaloendelea mbele huku likilia huyabana mawimbi yaliyo mbele yake, kilele kikasogea karibu na kilele. Nyuma yake mawimbi hutanuka. Wimbi la mbele ni jembamba kwa kipimo cha mita, na la nyuma ni nene kwa kipimo hicho hicho. Neno la mtaani limeyasema mawili kwa mpigo mmoja: jinsi sikio linavyosikia na jinsi hewa ilivyo. Kidatu, pamoja na heshima zake zote, kimesema moja tu. Kwa hiyo napendekeza tuseme kwamba sauti *hukonda* mlizi akija na *hunenepa* akienda zake. (Mlizi ni nani? Subiri kidogo.) Watanzania watacheka kwa kuwa konda kwao ndiye makanga wetu. Wacheke, naye si hulia kuliko honi?

Kabla ya istilahi zote hizi palikuwa na tanakali. Mpe mtoto kigari cha waya, atakisukuma kuja kwako akisema *nyiiiii*, na kikishakupita tu, *yoooo*. Hakuna aliyemfundisha. Ameanza na irabu inayobana mdomo akamalizia na inayouviringisha, na kwa irabu hizo mbili ameeleza kilichomtia Christian Doppler kwenye vitabu mwaka 1842. Walimu wenzangu hukaririsha tanakali za kuanguka na kuvunjika: *pu*, *chubwi*, *kacha*. Hii ya kupita haimo kwenye orodha zao, nami sijui kwa nini tumeiachia watoto.

Sasa neno linaloniudhi: *masafa*. Redio zote hutuambia zinasikika katika masafa fulani ya FM, na kwa mazoea hayo masafa yamekuwa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Lakini fungua kamusi: masafa ni umbali. Mwendo wa masafa marefu ni ule unaochosha miguu. Tumelitoa Uarabuni likiwa na maana hiyo hiyo, na wala si ndugu ya safari, ingawa sikio linatushawishi hivyo. Wanakamusi wa kale wa Kiarabu walilifunga na kitenzi cha kunusa: kiongozi wa msafara, akipotea jangwani, alichota udongo akaunusa kujua kama bado yuko njiani. Umbali ukapimwa kwa pua.

Nadhani najua tulipopotea. Redio za zamani zilihesabiwa kwa mita. Ndiyo maana wazee bado wana neno *mitabendi*. *Masafa mafupi* wakati huo lilikuwa jina sahihi kabisa, kwa kuwa kilichokuwa kifupi ni umbali wa kutoka kilele cha wimbi hadi kilele. Kisha vipimo vya redio vikahamia kwenye kilohezi na megahezi, na neno likabaki limekaa pale pale, sasa likiwa limevaa maana iliyo kinyume chake. Umbali wa kilele hadi kilele ukipungua, idadi ya vilele kwa sekunde huongezeka. Basi mwanafunzi akiandika kwamba gari likikaribia *masafa yanapungua*, amepata au amekosa? Kwa kamusi amepata. Kwa redio amekosa. Mtahini atatafuta kalamu nyekundu halafu atasita.

Nimejaribu kuziba pengo hilo. *Marudio* lilinijia kwanza, lakini limekwisha kuchukuliwa na runinga na chaguzi zilizofutwa. Nikabuni *umara*, kutokana na mara mbili, mara tatu. Nikalipenda kwa siku nzima, mpaka nilipolitamka mbele ya rafiki wa Isebania naye akauliza kama ninazungumzia mkoa ulio ng'ambo ya mpaka. Nikalizika.

Mwishowe nimerudi kwenye neno lililokuwa kifuani mwetu siku zote: *mapigo*. Kwa Kiswahili sauti karibu zote hupigwa. Tunapiga honi, tunapiga kengele, tunapiga mluzi, kelele, ukelele, vigelegele, hata simu. Honi inayopigwa mapigo 400 kwa sekunde haihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyewahi kuhesabiwa moyo zahanati. Wanafizikia watalalamika kwamba mapigo wanayahitaji kwa jambo jingine, ule mdundo unaovimba na kunywea nyuzi mbili zikikaribiana sauti bila kulingana. Huo nawapa *mpwito*, kutoka moyo unaopwita. *Masafa* nayo yarudi kwenye umbali, na urefu wa wimbi upate haki yake.

*Chanzo* ndilo jina la kawaida la kinachotoa sauti. Limetoka katika kuanza, na tunalitumia kwa ajali, kwa ugomvi na kwa mito. Mto Kuja, ambao Wakisii huuita Gucha, una chanzo chake katika milima ya Wakisii, ukashuka kupitia Migori hadi ziwani. Maji yanasafiri, chanzo kimekaa. Hiyo ndiyo roho ya neno: chanzo ni kile kinachobaki nyuma vingine vikiondoka. Kwenye hesabu yetu inayokuja chanzo kinakimbia kilomita 72 kwa saa kikiwa na abiria 14. Neno linagoma.

Kiswahili kina mlango mwingine, wazi na umepakwa mafuta. Anayelea ni mlezi, anayeiba ni mwizi, anayepokea ni mpokezi. Anayelia basi ni *mlizi*. Honi hulia, king'ora hulia, ndege hulia, mtoto hulia, hata pesa mfukoni hulia. Mlizi anaweza kusimama na anaweza kukimbia, kwa sababu ni jina la mtenda. Hatari yake ni moja, nayo ni ya mchapaji: herufi moja ikiteleza anakuwa mluzi. Nimekubali hatari hiyo.

Upande wa pili kuna *mtazamaji*. Sijui nani aliyeanza, lakini hesabu za sauti zimejaa watazamaji ambao kazi yao ni kusikia. Mtazamaji yuko mbele ya runinga. *Mwangalizi* naye ana fulana na kitambulisho, yuko kituo cha kupigia kura. Mtu aliyesimama kando ya barabara na kusikia honi anaitwa *msikizi*, kwa mlango ule ule wa mlezi na mlizi. Mlizi na msikizi: yasemeni pamoja muone yanavyokaa mdomoni. Na *kusikia* ni kitenzi chenye kifua. Mtu wa pwani husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa. Dholuo nayo ina *winjo*, kusikia na pia kuelewa, na kutoka humo *winjruok*, mapatano, kama vile sisi tunavyosikilizana tukishakubaliana. Kitenzi cha kusikia kinaenda hadi ngozini na moyoni. Kisipofika ni machoni tu, na hilo litatusumbua tukifika kwenye nuru.

*Mwendokasi* sigusi. Lilikuwa neno zuri la fizikia mpaka mabasi ya Dar es Salaam yalipolichukua mwaka 2016. Sasa mwendokasi ukisimama kituoni si kichekesho. Nitasema *kasi*.

Tuwaweke barabarani. Matatu mbili zinaelekeana kati ya Awendo na Rongo, kila moja kwa mita 20 kwa sekunde, ndizo zile kilomita 72 kwa saa, chini kidogo ya 80 ambazo sheria ya Kenya inazipa gari za abiria. Moja inapiga honi ya mapigo 400. Sauti yenyewe inakwenda mita 340 kwa sekunde. Mchana wa joto wa Migori hupita hapo kidogo, lakini hesabu inanipendeza hivi. Kasi ya msikizi inajumlishwa juu: 360. Kasi ya mlizi inatolewa chini: 320. Mapigo 400 yakizidishwa kwa 360 na kugawanywa kwa 320 yanakuwa 450. Zikishapishana, namba zinabadilishana viti, 320 juu na 360 chini, na msikizi anabaki na mapigo 355 na nusu hivi.

Mwanakwaya yeyote wa Homa Bay aliyesoma noti kwa do-re-mi aitafute tofauti hiyo mdomoni. Kutoka 450 hadi 355 na nusu ni kushuka kutoka *mi* hadi *do*. Matatu mbili zikipishana kwa kasi hiyo zimeimba.

Lakini rudi kwenye juu na chini. Wanafunzi wa dunia nzima hulia machozi juu ya kasi ipi inakaa wapi. Vitabu vya Hisabati vya Tanzania vina majina ya namba hizo mbili za sehemu: ya juu ni *kiasi*, ya chini ni *asili*. Asili! Neno ambalo ukilitoa darasani maana yake ni chimbuko, chanzo. Kasi ya chanzo hukaa kwenye asili. Hakuna lugha iliyokusudia jambo hilo. Limetokea tu, kama sarafu njiani. Naye msikizi hukaa kwenye kiasi, na kweli kazi yake ni kupokea kiasi: mapigo mangapi yamemfikia. Kama ningefundisha fizikia, jambo ambalo Mungu ameliepusha, ningeanza hapa.

Kitenzi *kutoa* nacho kina nyuso mbili humu ndani. Mlizi hutoa sauti, nasi tunaitoa kasi yake. Anavyozidi kuja, ndivyo tunavyozidi kumpunguza chini, na jibu likazidi kunona juu. Mtoto akichanganyikiwa hapo, kosa si lake. *Punguza* ipo, itumike.

Sasa nimefika kwenye kiini cha safari yangu. Kwa kawaida tungesema matatu zile mbili *zinakaribiana* kwa mita 40 kwa sekunde, tukaona tumesema yote. Kiambishi *-ana* ni hodari wa kuwaweka watu wawili kwenye sahani moja: wanapendana, wanapigana, wanakaribiana. Nani alianza? *-ana* haitaki kujua. Ila sauti inataka. Msikizi akikaa kitako na mlizi akaja peke yake na mita zote 40, mapigo ni 453. Mlizi akikaa na msikizi akamwendea kwa mita 40, ni 447. Wakigawana 20 kwa 20, ni zile 450. Kukaribiana ni kule kule kwa mita 40. Majibu ni matatu. (Mita 40 kwa sekunde ni kilomita 144 kwa saa. Dereva asijaribu kuithibitisha.)

Sababu iko hewani, kwa maana halisi ya neno. Mlizi akikimbia hulibana wimbi lenyewe. Msikizi akikimbia hagusi wimbi. Hulikimbilia tu likiwa zima. Kuna mtu wa tatu kati yao, hewa, na kila mmoja anapimwa mwendo wake dhidi ya huyo wa tatu.

Kiswahili hakikulala. Msikizi aliyekaa *hujiwa*, kama mwenye nyumba anavyojiwa na wageni. Msikizi aliyeinuka *humwendea* mlizi. Na wakiinuka wote wawili? Napendekeza *kuendeana*, maana kila mmoja anamwendea mwenzake kwa miguu yake, tofauti na kukaribiana, ambako hata nyumba mbili zinakaribiana bila kupiga hatua. Kujiwa, kuendea, kuendeana: 453, 447, 450. Mwalimu wa sarufi aliyewahi kulaumiwa kwamba kauli za vitenzi hazina faida duniani amepata mfano.

Wakienda mbalimbali, mambo huwa wazi zaidi. Kuna kuacha, kuna kuachwa, kuna kuachana. Mwanamke akisema "nimeachwa" na mwingine "tumeachana", jirani hasikii habari moja. Anajua nani alifunga virago. Fizikia ya sauti imekubaliana na majirani. Msikizi aliyeachwa na mlizi anayekwenda mita 40 hubaki na mapigo 358 hivi. Msikizi aliyemwacha mlizi kwa kasi ile ile hubakiwa na 353. Aliyeacha husikia kidogo zaidi ya kidogo. Nililiangalia jibu hilo kwa muda mrefu.

Na kuna *kufuatana*. Matatu mbili zinazokwenda upande mmoja kwa kasi moja, ya nyuma ikipiga honi, hazibadilishi lolote: 320 juu, 320 chini, mapigo 400 kama yalivyotoka. Zikianza *kufukuzana*, ya nyuma ikiwa na haraka ya kupata abiria wa Oyugis, sauti hukonda kidogo kwa kadiri ya tofauti yao. Kufuatana ni sifuri, kufukuzana ni zaidi ya sifuri. Lugha ilikuwa imeshaziweka mbali.

Huyo mtu wa tatu anahitaji jina la jumla. Vitabu hutaja *kati* au *midiamu*, na lile la kwanza limebeba mengi mno, hili la pili ni koti la kukodi. Kazi yake ni kupitisha mawimbi, basi aitwe *kipitishi*. Ukitaka kumwona, nenda Mbita. Boti ikitoka kuelekea Rusinga huku upepo ukiisukumia mawimbi usoni, chini ya miguu unahesabu *pa, pa, pa*, bila kupumua. Igeuke, ifuate mawimbi, na *pa* moja itakaa hadi uisahau ndipo ije nyingine. Ziwa ni lile lile. Wavuvi wa omena wanalijua hili kwa magoti kabla ya yeyote kuliandika, na hawajawahi kusema ziwa limebadilika. Husema *tunakwenda na wimbi* au *tunalikata*.

Nuru ndiyo iliyonivurugia mpango, na naikiri furaha yangu. Doppler mwenyewe hakuanza na honi. Mwaka 1842 aliwasomea wenzake mjini Prague makala juu ya rangi za nyota pacha. Rangi za nyota hakuzipatia sawasawa, kanuni aliipatia. Honi zilikuja mwaka 1845, mwanasayansi Mholanzi Buys Ballot alipowapandisha wapiga tarumbeta kwenye gari la moshi karibu na Utrecht na kuwaweka wanamuziki wengine chini, kando ya reli, wasikilize. Sasa tangu Einstein, 1905, tumeambiwa nuru haina kipitishi. Hakuna mtu wa tatu. Nyota ikijia dunia au dunia ikiiendea nyota, jibu ni moja. Kinachohesabiwa ni mwendo wao wao kwa wao.

Yaani ni *-ana*. Kiambishi nilichokilaumu aya chache nyuma ndicho kinachoifaa nuru, na kwa nuru kujiwa na kuendea havina tofauti. Kiswahili kina sarufi ya sauti na kina sarufi ya nuru, zote kwenye mkia wa kitenzi, na sisi tunazitumia kusengenya ndoa. Kwa nuru, msikizi hana kazi. *Mpokezi* atafaa, asiulizwe anapokea kwa macho au kwa darubini.

Ukivuka Isebania na kuingia Sirari, utalisikia neno la nuru lililo tamu kuliko yote haya. Madereva wa Tanzania huonyana: "Mbele kuna tochi." Hiyo tochi ni kile kifaa cha askari wa barabarani cha kupima kasi. Huku kwetu tunakiita kwa Kiingereza na kulipa faini kwa Kiswahili. Tochi ya rada hurusha wimbi, gari likalipokea na kulirudisha. Angalia vyeo: wimbi likifika, gari ni mpokezi; likirudi, gari lile lile limekuwa mlizi. Badiliko hutokea mara mbili, na askari anasoma jumla. Kile kifaa cha wakunga cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni hufanya vivyo hivyo kwa sauti nyembamba kupita masikio: ukuta wa moyo husikia, kisha hulia. Wauguzi wengi humwita *Doppler* tu, kama mtu wa kazini. "Niletee Doppler." Jina la profesa wa Austria limekuwa kitu cha kupakwa jeli.

Ndiyo maana siligusi jina la Doppler. Nilitaka kuligusa *athari*. Kwenye magazeti yetu athari ni za mafuriko, za pombe haramu, za migomo. Mtu asiyejua atadhani athari ya Doppler ina kinga yake hospitali. Nikapima *tokeo*, nikapima *mgeuko*. Nilipenda zaidi *mpishano*, maana sauti huporomoka pale pale mlizi na msikizi wanapopishana. Lakini sauti huwa imekonda hata kabla ya kupishana, na huenda wasipishane kabisa. Kisha nikakumbuka kwamba athari kwa Kiarabu, kabla ya kuwa maafa, ilikuwa unyayo, alama iliyoachwa na aliyepita. Nimenyoosha mikono. *Athari ya Doppler* ibaki: ni unyayo wa mwendo ndani ya sauti.

Najua hatima ya wabunifu. Kenya tumeng'ang'ania *tarakilishi* na *rununu* huku jirani akisema kompyuta na simu ya mkononi, na muuzaji wa simu Migori hajawahi kutamka lolote kati ya yetu mawili. Neno halikai kwa kuwa limetungwa vizuri. Kwa hiyo wiki mbili baadaye, nikirudi kupitia Rongo, nilimtafuta yule kijana nikampa yangu yote, kwa kuanzia na mlizi na msikizi.

Alisikiliza kwa adabu. "Sawa, mwalimu. Mimi nikiwa barabarani nikipiga honi, honi yangu mwenyewe hainenepi. Hata nikimbie namna gani."

Nikamweleza kwamba yeye ni mlizi na msikizi kwa pamoja, kasi moja, 320 kwa 320, hawezi kujiacha wala kujiendea. Nikaongeza kwamba hilo nalo linahitaji jina, mtu aliye mlizi na msikizi wa honi moja, na bado sijalipata.

"Huyo ni dereva," akasema, akawasha pikipiki.